Kazi tatu za Navaratri Mombasa: ni Mama mmoja au watatu? Naomba mwongozo wa mapambo na jiko

MpambajiTudor

Wajuzi wa humu, hamjambo. Kikundi chetu hupamba na kupika kwenye shughuli hapa mjini, na msimu huu tumeshika kazi tatu za Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa za kumwabudu Mama, kwa mpigo. Ya kwanza ni ukumbi wa Wagujarati, siku zote tisa. Wanataka chungu chenye matundu katikati ya ukumbi na hawataki hata harufu ya kitunguu jikoni. Ya pili ni familia kadhaa za Kibengali, siku tano za mwisho: jukwaa la sanamu ya mikono kumi, mgomba uliovishwa sari, na siku ya tisa wanataka mbuzi. Ya tatu ni nyumba ya Watamil, wao wameagiza ngazi za kupangia vinyago na meza ya kuweka bamba la shaba lililochorwa pembetatu nyingi.

Wote ukiwauliza wanasema wanamwabudu Devi, Mama. Sasa ni mungu mmoja au watatu? Nikikosea kipi ndilo kosa la kweli, na kipi ni pambo tu? Na vitu gani naweza kununua kwa pamoja Marikiti na Kongowea, vipi lazima vikae mbalimbali? Sitaki kumfedhehesha mtu ndani ya ibada yake.

---

Samli_na_Utambi

Ndugu Mpambaji, kabla ya kununua hata ua moja muulize kila mteja: Mama anakaa ndani ya nini, na anakula nini? Majibu ya maswali hayo mawili yatakupangia kazi yote. Nitakujibu upande wa Wagujarati, wenzangu watakuja na wa kwao.

Kwa Wagujarati Mama anakaa kwenye chungu na kwenye kalashi, chombo cha maji chenye nazi juu. Picha ikiwepo ni nyongeza. Hata Ambaji, hekalu kubwa la Mama kaskazini mwa Gujarat, ndani hamna sanamu; kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu, iliyofunikwa kwa mavazi na mapambo. Basi ukitundika picha ya kumetameta ukutani, halafu chungu ukakisukuma pembeni karibu na spika, umeshaharibu ukumbi wote. Chungu ndicho kitovu. Watu watazunguka hapo, kwa hiyo jukwaa la wapiga muziki liende ukutani na katikati pabaki wazi.

Chungu hicho, garbo, kiwe cha udongo mtupu bila vanishi. Matundu yawe ya upana wa kidole kidogo, safu tatu kuanzia tumboni kwenda juu, na mengine manne au matano karibu na kitako. Mafundi wengi hutoboa juu peke yake. Hewa haiingii kwa chini, utambi unafuka moshi na taa inazimika katikati ya ngoma. Ndani mimina mchanga mkavu kina cha sentimita tatu kabla ya kuweka taa, la sivyo kitako hupasuka kwa moto. Tumia samli na utambi wa pamba. Kama wameomba taa isiyozimika siku tisa, ifunike kwa chimni ya kioo kwa sababu ya upepo wa bahari, na kila unapotaka kukata utambi washa kwanza taa ya pili kutoka kwenye ile ya kwanza. Moto uleule unahama na kurudi, haukatiki.

Asubuhi ya siku ya kwanza hupandwa shayiri. Chukua sinia la udongo la upana wa sentimita 30, lenye matundu chini. Gramu 200 za shayiri iliyolowekwa usiku kucha zinatosha: zitandaze juu ya udongo laini zisirundikane, halafu zifunike kwa udongo wa nusu sentimita. Nyunyiza maji kwa vidole asubuhi na jioni, basi. Ukimwaga kwa kikombe, kwa fukuto la hapa kwetu utaona ukungu mweupe siku ya tatu na harufu ya uchachu. Ujue mwenye nyumba husoma heri ya mwaka wake kwenye miche ile, ndiyo maana hilo si jambo dogo. Kufika siku ya tisa inakuwa imepita urefu wa kiganja. Ikikaa kivulini hutoka njano, na hilo si kosa.

Katikati ya shayiri inakaa kalashi ya shaba: maji, popoo moja, sarafu, majani matano ya mwembe, na juu yake nazi iliyofungwa kitambaa chekundu. Hapo kwenye nazi ndipo kazi za watu zinapokwama. Mfua nazi wa Marikiti amezoea kutoa makumbi yote mpaka kifuu kinang'aa. Mwambie aache kishungi kinachofunika macho matatu. Nazi iliyofunuliwa macho haiwekwi juu ya kalashi, hiyo ni ya kuvunjwa. Nunua na za akiba tatu, na kila moja itikise sikioni kwanza. Isiyo na maji usiichukue.

Jikoni, wanaofunga hawali nafaka za kawaida, kunde wala chumvi ya kawaida. Wanakula viazi, karanga, sago, unga wa rajgira (mbegu za mchicha), matunda, maziwa, na chumvi ya mawe. Kosa la kila siku ni viungo vya kusagwa vya pakiti vilivyotiwa chumvi au vitunguu saumu ndani. Soma pakiti, au saga mwenyewe bizari nzima na pilipili manga. Wasiofunga wapikiwe kando, nao pia bila kitunguu wala saumu.

Mpangilio wa usiku: garba, ngoma ya kuzunguka na kupiga makofi, huja kwanza, kisha arati, ibada ya kuzungusha moto mbele ya Mama, na dandiya, ngoma ya fimbo, baada ya arati. Wakati wa arati zima feni zote, watu wanashika sinia zenye moto. Hiyo garba ya Gujarat iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2023, na Durga Puja, yaani ibada ya Mama Durga ya Wabengali, ya Kolkata ilitangulia mwaka 2021, kwa hiyo hizi kazi zako mbili si za kubabaisha.

Mwisho, waulize kuldevi wao ni nani, yaani Mama wa ukoo. Umiya wa Unjha ni wa Wapatel wa Kadva, Ashapura ni wa Kutch, Mahakali yuko juu ya mlima Pavagadh. Kwenye bango mnyama ndiye anayemtambulisha: Ambaji hupanda simba au chui milia, Bahuchara jogoo, Khodiyar mamba. Ukibandika jogoo kwa watu wa Khodiyar, umewaletea Mama wa nyumba nyingine.

---

Kumartuli_Pwani

Nimesoma maelezo ya juu, mazuri sana. Sasa ndugu yangu, ukivuka kwa Wabengali yatoe hayo kichwani kwanza. Kule Durga ni binti aliyeolewa mbali, anarudi nyumbani kwa wazazi na watoto wake wanne, anakaa siku chache halafu anaagwa kwa machozi. Watoto ndio hao utakaowaona jukwaani: Lakshmi na bundi, Saraswati na bata maji, Ganesh na panya, Kartik na tausi. Mama yuko katikati juu ya simba, mkuki kifuani mwa Mahishasura, jitu linalotoka kwenye mwili wa nyati. Waonye vijana wako kuhusu bundi. Huku kwetu bundi ni uchuro, na kijana mwema anaweza kumtoa kimyakimya akidhani amewasaidia wateja. Asiguswe.

Sanamu ya asili hujengwa kwa mianzi na majani makavu ya mpunga yaliyofungwa kamba. Hupakwa udongo mzito uliochanganywa na makapi ya mpunga, kisha udongo laini, na mipasuko huzibwa kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye uji wa udongo. Halafu ndipo chokaa na rangi. Tabaka la kwanza likipakwa la pili kabla halijakauka, sanamu hupasuka shingoni na kwenye mabega, mahali penye uzito wa mikono kumi. Usithubutu kuiharakisha kwa moto. Lakini waulize mapema, kwa sababu Wabengali wengi walio nje ya India hutumia sanamu ya faibaglasi inayohifadhiwa mwaka hadi mwaka. Jibu lao linabadilisha jukwaa lako (uzito) na siku ya mwisho (bahari).

Iwe ya udongo au ya faibaglasi, sanamu haimwagiwi maji. Kuhani huweka kioo mbele yake juu ya beseni na kukiogesha kioo chenye taswira. Kwa hiyo acha nafasi ya mita moja na nusu mbele ya jukwaa, sakafu isiyoteleza, na mwanga usioakisi machoni. Taa za kumulika ukizielekeza chini kutoka juu, kioo hakionyeshi uso.

Huo mgomba uliovishwa sari unaitwa kola bou, na wengi hudhani ni mke wa Ganesh kwa kuwa husimamishwa kuliani kwake. Ni Durga mwenyewe katika mimea tisa: mgomba, gimbi, gimbi lile kubwa la mankachu, manjano, jayanti, bel, komamanga, ashoka na mpunga. Mgomba uwe mchanga wenye majani mazima, ungolewe na mizizi. Matawi mengine hufungwa kwenye shina kwa uzi wa manjano na mtambazi wa aparajita. Magimbi, manjano na mpunga utavipata kwa wakulima bila shida, ila waagize vikiwa na majani na mizizi, maana Kongowea huletwa vimeshakatwa. Tahadhari na ashoka: ule mti mrefu mwembamba unaopandwa kando ya kuta za nyumba hapa mjini sio ashoka wa kitabu. Mwonyeshe kuhani jani kabla ya siku, akikubali umetoka. Mgomba huogeshwa alfajiri ya siku ya saba, hivyo uwe umefika jana yake usiku, umesimama ndani ya ndoo ya maji. Ukilazwa majani yanachanika.

Saa. Hapa ndipo wengi huanguka. Tithi, siku ya mwezi ya Kihindu, ni kipindi ambacho mwezi unaliacha jua kwa digrii 12. Huanza na kuisha wakati wowote, mchana au usiku, na kwa dunia nzima ni wakati uleule mmoja. Kalenda ya Kolkata ikiandika saa kumi na mbili jioni, kwa Mombasa ni saa tisa na nusu alasiri, tunapishana saa mbili na nusu. Sandhi puja, ibada ya makutano ya tithi mbili, ni dakika 48 tu: 24 za mwisho za tithi ya nane na 24 za mwanzo za tithi ya tisa. Ndani ya hizo zinawashwa taa 108. Weka samli vijiko viwili vya chai kwa kila taa, inakuja lita moja na kidogo, na tambi zote zilowe samli nusu saa kabla. Utambi mkavu hula kiberiti na muda. Panga taa kwa safu za kumi na mbili mara tisa, na acha njia ya mtu kupita bila upindo wa sari kugusa moto. Maua 108 ya yungiyungi ni ya hapo pia.

Chakula. Kuna bhog, kinachotolewa kwa Mama, na kuna chakula cha watu. Bhog katika nyumba nyingi hupikwa na Mbrahmini (mtu wa tabaka la makuhani) au mtu wao waliyemteua, wewe unaleta vifaa na moto. Usionje! Kikishaonjwa kimekuwa mabaki. Kwa hiyo chumvi inapimwa. Khichuri ya watu thelathini hivi: kilo moja ya mchele mdogo wenye harufu, kilo moja ya pojo zilizokobolewa, lita nane za maji, chumvi gramu 90. Pojo zikaangwe kavu mpaka zinukie na kuwa na rangi ya hudhurungi, kisha zioshwe. Usipozikaanga, sufuria inageuka kuwa gundi yenye harufu ya ubichi. Tangawizi, bizari nzima, majani ya bay (tej patta), na samli mwishoni kabisa.

Mbuzi: uliza ni wa kutolewa au wa kuliwa tu. Katika mila ya Kishakta, ya wanaomwabudu Mama kama mungu mkuu, ya Bengal nyama inayopelekwa mbele ya Mama ni ya mnyama aliyetolewa kafara hapo hapo, na nyumba nyingi siku hizi hukata boga, tango au muwa badala yake. Nyama ya buchani haipelekwi madhabahuni, ni karamu ya watu siku ya tisa. Bila shaka ndiyo unayoombwa. Hupikwa bila kitunguu wala saumu: tangawizi, bizari nzima, mvuje, maziwa ya mgando. Sufuria zake, miiko yake na jiko lake viwe mbali kabisa na jiko la bhog.

---

NgaziTisa

Kwa Watamil kazi ni ndogo kwa ukubwa lakini ina masharti. Ngazi za vinyago zinaitwa kolu na lazima ziwe hesabu isiyogawanyika kwa mbili: tatu, tano, saba au tisa. Zifunike kwa kitambaa cheupe kisafi. Kalashi hukaa juu, pamoja na jozi ya vinyago vya mbao, mume na mke, vinavyoitwa marapachi. Miungu ngazi za juu, watakatifu na wafalme katikati, watu wa sokoni, harusi na mashamba chini. Kina cha kila ngazi kiwe sentimita 25 angalau, maana vinyago vya udongo vina vitako vipana. Fundi akitumia mbao nyembamba zinapinda katikati na safu nzima inaserereka. Siku ya kumi usiku kinyago kimoja hulazwa, na kabla ya hapo usianze kubomoa hata kama lori limefika.

Usiku tatu za mwanzo ni za Durga, tatu za Lakshmi, tatu za Saraswati. Siku ya tisa vitabu na vyombo vya kazi huwekwa mbele ya Mama na havitumiwi mpaka kesho yake. Hili linakuhusu wewe: ukitegemea kuazima visu vyao, mashine yao ya kusagia au gari lao siku hiyo, hupewi. Nenda na vyako.

Kila jioni wanawake wa jirani hualikwa na kuondoka na tambuu, popoo, manjano, kumkum (unga mwekundu wa ibada) na nazi. Chakula ni sundal: dengu zilowekwe kwa muda wa saa kumi hivi, zichemshwe ziive lakini zisivurugike, kisha mafuta ya nazi, haradali, pilipili kavu, mvuje kidogo, majani ya kari, na nazi iliyokunwa mwishoni moto ukiwa umezimwa. Nazi ikiingia mapema na joto la Mombasa, baada ya saa mbili imechacha.

Bamba la pembetatu ni Sri Yantra, na kwa waliopokea mafundisho ya Srividya, njia ya siri ya kumwabudu Mama, hilo ndilo Mama mwenyewe, Lalita Tripurasundari. Lisitobolewe msumari, lisilazwe sakafuni, lisipigwe picha bila ruhusa. Kama ni wewe unayechongesha au kuchapisha nakala ya mapambo, hesabu: pembetatu kubwa tisa, nne zikielekea juu, ambazo ni za Shiva, tano zikielekea chini, za Shakti, yaani nguvu ya Mama. Zikipishana sawasawa zinazaa ndogo 43, na nukta katikati. Kuzunguka hapo petali nane, kisha petali 16, kisha mraba wenye milango minne. Angalia pale mistari mitatu inapokutana. Ni lazima ikutane kwenye nukta moja kamili. Michoro mingi ya kuchapisha huacha vipembetatu vidogo vya ziada pale, na mtu wa Srividya hayuko tayari kuwa na yantra yenye kasoro, hata kwenye kadi ya mwaliko.

Watasoma majina elfu moja ya Lalita, na kwa kila jina hudondoshwa kumkum kidogo. Andaa gramu 300 na bakuli la shaba pana. Kumkum nzuri ni manjano iliyogeuzwa nyekundu kwa chokaa, na chokaa ile ile ya tambuu huigeuza. Ile ya rangi ya dukani hutia doa kwenye shaba, kwenye kitambaa na kwenye vidole siku mbili. Kama wanataka maua na pambo la ziada, weka miwa miwili mirefu kando ya meza. Upinde wa Lalita ni wa muwa, na mishale yake mitano ni ya maua.

Jambo moja watu huchanganya. Ukisikia Watamil wakizungumzia majani ya mwarobaini na uji wa wimbi, huyo ni Mariamman, Mama wa vijijini, wa mvua na wa tetekuwanga, na msimu wake mkuu ni mwezi wa Aadi, kati ya Julai na Agosti. Mwarobaini umejaa Mombasa na ni rahisi kuchuma, lakini kwenye meza ya Lalita hauhitajiki.

---

MajengoMsomi

Swali la kwanza la ndugu yetu halijajibiwa: mmoja au watatu?

Makundi yote matatu yana andiko moja nyuma yao, Devi Mahatmya, aya 700 katika sura 13, ndani ya Markandeya Purana. Sehemu ya kwanza ni ya Mahakali, ya pili Mahalakshmi, ambamo ndimo anauawa Mahishasura wa nyati, ya tatu Mahasaraswati. Katika sura ya kumi jitu Shumbha anamlaumu Mama kwamba anajivunia nguvu za miungu wa kike wengine. Mama anamjibu: duniani hapa niko peke yangu, ni nani mwingine zaidi yangu? Na wote wanaingia mwilini mwake. Kwa Mshakta jibu ni hilo: mmoja. Chungu, udongo na bamba ni makao tofauti ya huyo mmoja.

Ila nawapinga kidogo wenzangu, mmeongea kana kwamba kila Mhindu atakayeingia ukumbini ni Mshakta. Mombasa siyo hivyo. Watu wengi wenye asili ya Kutch hapa ni wa Swaminarayan, madhehebu ya Kivaishnava, hekalu lao liko barabara ya Haile Selassie. Kwa Mvaishnava, yaani mwabudu Vishnu, Lakshmi ni mwenza wa Vishnu, anaheshimiwa sana, lakini kilele hakimilikiwi na yeye. Mtu huyo atacheza garba na kushika arati kwa moyo wote. Chakula ni jambo jingine. Shikshapatri, mwongozo wao wa mwaka 1826, unawakataza kula prasadi, yaani chakula kilichotolewa kwa mungu, ya mungu anayetolewa nyama na pombe au anayechinjiwa wanyama. Kwa hiyo Mpambaji, kile kilichobaki kwa Wabengali siku ya tisa, hata kama ni khichuri safi isiyo na nyama, usikihamishie ukumbi wa Wagujarati. Wala sufuria. Kwa macho ya mpishi ni mchele na pojo, kwa macho ya huyo mlaji umemvunjia nadhiri bila yeye kujua. Hilo ndilo kosa la kweli ulilouliza. Rangi ya kitambaa au idadi ya maua inasameheka.

Cha kununua kwa pamoja ni nazi, majani ya mwembe, tambuu, popoo, kafuri, pamba ya tambi, na samli iliyofungwa. Vigawe siku ya kwanza kabla havijaingia nyumba yoyote. Kilichokwisha kuingia kwenye ibada moja hakiendi nyingine. Usinuse maua, na asiyeweza kuvua viatu asiyabebe.

---

MpambajiTudor

Ahsanteni sana, kweli nimepata shule. Mawili yamebaki. Wabengali wangu wamesema sanamu yao ni ya udongo, na siku ya kumi wanaipeleka baharini. Pili, wameniulizia na Kali puja usiku wa Diwali, na usiku huo huo nina duka la Mgujarati la kupamba kwa Lakshmi. Nitaweza zote mbili?

---

Kumartuli_Pwani

Utaweza, kwa sababu saa hazigongani. Ni usiku uleule wa mwezi kufichika, lakini Lakshmi wa Wagujarati huabudiwa jioni baada ya jua kuzama pamoja na Chopda Pujan, ibada ya daftari za hesabu, na Kali wa Bengal huabudiwa katikati ya usiku. Maliza dukani saa mbili usiku, uwe kwa Kali kufikia saa nne. Oga na ubadilishe nguo katikati. Wabengali wenyewe Lakshmi wao walishamwabudu mapema, mwezi mpevu unaofuata Durga Puja, ndiyo maana usiku ule umebaki wa Kali.

Kwa Kali ua ni haibiskasi nyekundu, shada la 108. Ua hilo huishi siku moja na jioni linajikunja, na ibada ni usiku wa manane. Yachume asubuhi yakishafunguka tu, yaweke kwenye friji bila maji, yatoe jioni, uyatunge kwa sindano kupitia kikonyo. Picha au sanamu ikiwa ya nyumbani iwe Dakshina Kali, mguu wa kulia mbele juu ya kifua cha Shiva. Ndiye yule wa hekalu la Dakshineswar lililofunguliwa mwaka 1855. Aina ya mguu wa kushoto mbele ni ya ibada nyingine na haiwekwi majumbani. Kagua kabla ya kulipa mchapishaji.

Sasa bahari. Siku ya kumi ya mwezi mwandamo huangukia karibu na maji mafu. Bamvua limeshapita, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo hauna nguvu ya kuchukua kitu mbali. Sanamu ikisukumwa ufukoni inakaa palepale, kesho yake watoto wanaogelea juu ya misumari. Omba ruhusa mapema, uliza jedwali la maji, na uende na wavuvi wenye mashua mpaka penye kina. Kabla ya hapo kuhani lazima amuage Mama: anatikisa kalashi na kukiteremsha kile kioo kwenye beseni la maji. Kuanzia dakika hiyo sanamu ni udongo, na vijana wako wanaweza kuishika. Wanawake walioolewa watataka kwanza kupaka sinduri, unga mwekundu, usoni mwa Mama na kulishana vitamu, wape angalau saa moja, usiwaharakishe kwa ajili ya lori.

Vua nguo za sanamu, mapambo ya bati, silaha, nywele za nailoni na kila msumari unaotoka. Maua yaende kwenye magunia ya katani, ukayafukie shambani. Kama rangi zilizotumika si za asili, mshauri mteja ateremshe kalashi na kioo peke yake baharini, na sanamu iyeyushwe kwa bomba ndani ya tangi uani. Udongo unabaki chini, mianzi na majani ya mpunga unayachomoa. Kwa sanamu ya urefu wa mita moja na nusu, acha iloe usiku mzima kabla ya kuanza kuvuta fremu.